Kiganja cha Kupimia Mwanga

Rudi alipiga simu kutoka Kodiak, Alaska, siku mbili kabla ya mazishi ya baba yake, kunieleza kwamba ndege hazitoki.

"Ni ukungu, mama. Na upepo. Uwanja umefungwa tangu juzi."

"Na meli?"

"Meli zote zimetia nanga. Mama, ingekuwa ni kuogelea, ningeogelea."

"Acha upuuzi. Maji hayo yatakuua kabla hujalowa magoti."

Mwanangu anavua kaa kwenye bahari mbaya kuliko zote ninazozijua, ana miaka thelathini na moja, lakini nilimsikia anavyopumua kwenye simu. Alikuwa akipumua hivyo hivyo alipokuwa na miaka sita na anajizuia kulia.

"Ile picha ya ngazini," akasema. "Bado inapigwa?"

"Mpigaji ndiye aliyekufa, Rudi."

"Basi apige mtu mwingine. Yeyote. Miaka minane sijamwona. Nataka nimwone uso, mama. Uso tu."

Nikamwambia atauona. Nikakata simu, na ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuipiga picha hiyo hata mara moja.

Hapa Harju, mji wa mgodi uliojengwa na watu waliotoka Finland, kanisani kwetu, ibada ya mazishi ikiisha jeneza hutolewa hadi kwenye ngazi za mlango, likafunguliwa, na familia ikasimama nyuma yake kupigwa picha. Zamani picha hizo zilipelekwa Finland, kwa wazazi ambao wasingeweza kuvuka bahari kuja kuzika watoto waliofia migodini. Baadaye zikawa zinapelekwa Detroit, California, popote vijana wetu walipokimbilia. Mume wangu Waino alikuwa fundi umeme wa mgodi, na tangu mwaka 1948 ndiye aliyezipiga, kwa filamu nyeusi na nyeupe. Alisema rangi zinaharibu mazishi.

Rudi aliondoka mwaka 1971. Baba yake alimtafutia kazi mgodini, akaifanya wiki tatu, akaiacha. Waino akamwambia asirudi nyumbani mpaka ajue kazi ni nini. Rudi akaenda kutafuta kazi ngumu kuliko ya mgodi, akaipata, na kwa miaka minane wakawa wanasalimiana kupitia kwangu kama vile mimi ni posta. Wote wawili walikuwa wapumbavu. Niliwaambia hivyo, kila mmoja kwa wakati wake.

Mimi nina diploma ya maabara. Niliisomea miaka miwili watoto walipoanza shule, na nimefanya kazi hospitalini hadi mwaka jana. Kwa hiyo Waino alipiga na mimi nikasafisha. Chumba chetu cha giza kilikuwa kile chumba cha kuvulia nguo kwenye kibanda cha sauna, bafu letu la mvuke, nyuma ya nyumba. Maji yapo, jiko lipo, na dirisha nililiziba kwa blanketi la jeshi. Dawa, kipimajoto, saa, hayo ni mambo yangu. Mambo ya mwanga yalikuwa yake.

Isipokuwa mkono. Mkono ulikuwa wangu.

Kipima mwanga ni kifaa kijinga. Kinaamini kwamba kila kitu duniani ni cha kijivu. Ukikielekeza kwenye theluji kinakwambia mwanga umezidi, bana tundu la lenzi, nawe ukitii, theluji inatoka ya kijivu kama jivu na watu wanatoka weusi kama makaa. Ndiyo sababu Waino hakupima theluji. Alipima kiganja changu. Nilivua glavu, nikakiweka karibu na uso wa marehemu, kwenye mwanga ule ule uliouangukia uso, naye akasoma sindano. Kisha akafungua tundu hatua moja zaidi ya sindano ilivyosema, kwa kuwa kiganja kinang'aa hatua moja zaidi ya ule ukijivu ambao kipimo kinautarajia. Tundu lina namba, na namba ikikua tundu linabana. Sindano ikisema kumi na moja, unaweka nane. Hayo tu.

Kabla ya yote, ukiwa bado ndani ya mlango, unazungusha kidude cha kipimo hadi kwenye namba ya filamu uliyotia, ili kijue filamu yako ina uroho gani wa mwanga. Mtu akisahau hilo, hata apime vizuri namna gani, amepima bure. Waino aliogopa kusahau kuliko alivyoogopa umeme. Kwa hiyo aliisema namba kwa sauti na mimi niliirudia.

"Mia na ishirini na tano."

"Mia na ishirini na tano."

Miaka thelathini, kila mazishi, hivyo hivyo.

Siku moja kabla ya kuzika, Toimi alikuja jikoni na kamera mpya shingoni. Toimi ni mdogo wake Waino. Hajaoa, anakaa ng'ambo ya barabara, na hajawahi kuingia kwangu akakuta kahawa ikamshinda.

"Shemeji, usihangaike," akasema. "Mambo ya kupimapima yamekwisha. Hii ina akili yake. Unabonyeza, yenyewe inafikiri."

"Afadhali mmoja wenu awe anafikiri."

Binti yangu Marlys, aliyekuwa amefika kutoka Duluth na watoto, hakucheka. Alikuwa anakata mkate wa iliki, na alikuwa anaukata kwa hasira.

"Mama, huu ni mwaka 1979. Ni nani bado anapiga picha maiti?"

"Sisi."

"Watoto wangu wataota usiku."

"Watoto wako wanatazama watu wakipigwa risasi kwenye televisheni kila jioni huku wanakula. Babu yao amelala tu."

"Mwache Toimi apige, basi. Yaishe."

"Waino alipokuwa kitandani, Toimi alipiga mazishi ya Hilja kwa kamera kama hiyo," nikasema. "Haya Toimi, uso wa Hilja uko wapi kwenye picha ile?"

"Umo."

"Umo kama paka mweusi alivyomo ndani ya gunia."

Toimi akacheka, kisha akaacha, maana Hilja alikuwa shangazi yao. Akaweka kikombe chini. "Sawa. Tufanye hivi. Chukua kamera ya Waino, panga namba zako zote, halafu nenda kasimame na wanao. Mimi nibonyeze tu. Kidole ninacho."

Lilikuwa wazo la maana, na Toimi hana mengi. Marlys akalidaka. "Ndiyo, mama. Wewe ndiye mjane. Mjane husimama kichwani pa jeneza."

Nikasema hapana. Nikawaeleza kwamba jua la Januari halitulii, wingu jembamba likipita kila kitu kinabadilika, na Toimi hataliona wingu hadi limnyeshee. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na ni ya kweli. Nyingine ni kwamba aliyemwahidi Rudi ni mimi, na ningesimama pale nikiwa nakitazama kidole cha Toimi badala ya kumtazama mume wangu.

"Kwa hiyo sisi tutakuwa huku wote, na wewe huko peke yako," Marlys akasema.

"Ni futi ishirini, Marlys. Siyo Urusi."

Siku ya mazishi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Wachimba kaburi walikuwa wamechoma makaa juu ya ardhi siku mbili ili ilegee. Mchungaji wetu, Gundersen, ni kijana wa kusini kwenye mashamba ya mahindi, na hiyo ilikuwa Januari yake ya kwanza kwetu. Ibada ilipokwisha alinifuata mlangoni akiwa amekunja mikono kwapani.

"Mama Savela, baridi ni kali mno. Hatuwezi kuagana naye humu ndani, tukafunga?"

"Humu ndani kuna giza."

"Mungu anaona hata gizani."

"Filamu haioni."

Akakohoa. "Unahitaji dakika ngapi?"

"Kumi."

"Tano."

"Basi usinimalizie moja hapa kwa maneno."

Nikatoka. Ngazi za kanisa letu zinatazama kaskazini, na jua la Januari kwetu hupita kusini, kwa hiyo ziko kivulini, na mbele yake kuna uwanja wa theluji uliojaa jua, kisha misonobari, kisha kile kilima cha mabaki ya mgodi. Ukitazama kutoka kivulini macho yanauma. Kamera ya Waino, ile ya macho mawili unayoitazama kutoka juu, nilikuwa nimeificha ndani ya koti kifuani, maana baridi ikiiingia mashine inakuwa nzito na kufungua na kufunga kwake kunachelewa. Stendi ya miguu mitatu nilikuwa nimeisimamisha mapema kando ya mlango, ikitazama nje, ili familia iwe na uwanja ule nyuma yake. Toimi na mzee wa kanisa wakafungua kifuniko.

Waino alikuwa amevaa suti yake ya kijivu. Walikuwa wamemchana nywele upande usio wake, nikazirudisha.

"Marlys," nikasema, "vua glavu. Weka kiganja hapa, karibu na shavu la baba yako. Kitazame kule kwenye kamera."

Marlys akaniangalia.

"Ni sekunde mbili."

"Siwezi, mama."

Nikaona kwamba kweli hawezi. Nikamgeukia Toimi. Toimi alikuwa analia kama bomba lililosahauliwa, na glavu zake za ngozi ya paa zimemfika kwenye viwiko. Nikamwacha.

Basi nikavua yangu. Kipimo mkono wa kulia, kiganja mkono wa kushoto. Nilikuwa sijawahi kushika vyote viwili. Nikainama, nikatia mkono ndani ya jeneza, nikausimamisha kando ya uso wake, na kwa kuwa nilikuwa nasoma kwa mkono mwingine sikuweza kuutuliza, ukamgusa. Shavu lilikuwa la baridi kama kitasa cha mlango wa nje.

Nyuma yangu nikasikia mtu ananyonya pua. Wanaume wakavua kofia, kwenye baridi ile. Mchungaji akainamisha kichwa akaanza kuomba kwa sauti ya chini, maneno mazuri, kuhusu mkono wa mke mwaminifu. Walidhani namuaga.

Nilikuwa nasoma sindano. Ilisema kumi na sita.

Hapo nilisita. Kwenye ngazi zile, Januari, kivulini, Waino aliishia kwenye nane. Nilimsikia akisema nane mara nyingi hadi neno lenyewe lina harufu ya naftalini ya koti lake la msibani. Sindano ikisema kumi na sita, ukifungua hatua moja unapata kumi na moja. Si nane. Lakini watu walikuwa wanalia, dakika zilikuwa zinakwenda, na mimi ni mtu wa maabara. Nikajiambia theluji leo inarudisha mwanga mwingi, kipimo ni kipimo, na kumbukumbu ya mjane si kipimo.

Sindano ilikuwa imeshatulia. Mkono niliuacha kidogo.

Kisha nikarudi kwenye kamera, nikaifunga kwenye stendi, nikaweka kumi na moja na kasi ya moja ya sitini, nikainama kwenye kioo. Kwenye kioo kile watu hugeuka, wa kulia anakuwa kushoto, na wote wanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Nilitazama uso wa Waino tu. "Msipumue," nikawaambia, maana mvuke wa watu kumi na wanane unafunika kila kitu. Nikapiga sita. Mchungaji akanitazama, nikamwashiria wafunge.

Baada ya makaburini tulikunywa kahawa kwenye chumba kilicho chini ya kanisa. Kulikuwa na mikate ya iliki ya kutosha mazishi matatu, na masufuria saba ya tambi na nyama ya oveni, kila mwanamke akidai lake ni kwa mapishi ya mama yake. Bibi Hulda Kangas, ambaye ana miaka tisini na moja na hasikii ila yale anayotaka, alinivuta mkono nikae.

"Irja," akasema, "mimi nikifa utanipiga wewe. Yule Toimi asinikaribie. Alimfanya Hilja akawa kama kiatu."

"Sawa, bibi."

"Lakini leo mbona hukutaja namba?"

"Namba gani?"

"Ile mnayosema pale mlangoni. Waino anasema, wewe unajibu. Miaka yote mimi nilidhani mnaulizana namba ya wimbo." Akachovya mkate kwenye kahawa. "Leo nimesubiri niisikie, kimya."

Nikainuka. Sikumbuki kama nilimuaga. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye korido na mengine arobaini meusi, nikalitafuta kwa kupapasa mifuko hadi nikakipata kipimo. Nikakipeleka chini ya taa.

Kidude kilikuwa kwenye mia nne.

Mia nne ni namba ya filamu ya ndani ya nyumba, ile ya haraka, inayoridhika na mwanga kidogo. Waino aliiweka mwenyewe mwezi Novemba, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani na akawa anapiga picha ndege wanaokula mbegu dirishani. Ndege weusi kichwani, wadogo, hawatulii. Kuanzia siku ile hakuna aliyekishika kipimo. Na mimi leo nimekichukua kama kilivyo, nikatia mkono wangu kwenye jeneza mbele ya usharika mzima, nikapima mwanga kwa ajili ya filamu ambayo haikuwemo.

Filamu yangu ilikuwa imepata chini ya theluthi ya mwanga iliouhitaji. Na Waino alikuwa amefukiwa saa moja iliyopita.

Marlys aliondoka kesho yake asubuhi, Jumamosi, kwa sababu watoto wana shule na barabara ilikuwa inatabiriwa kufunga. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Njoo ukae kwetu wiki mbili, mama."

"Nina filamu ya kusafisha."

"Filamu haiozi."

"Wala mimi."

Akanikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida yake, akaenda. Toimi nilimwambia asije. Akaja hadi kwenye uzio, akaona uso wangu, akageuka.

Jumamosi ni siku ya sauna. Mchana ukiinamia jioni unaona moshi kwenye kila kibanda cha Harju, na watu wanapita na taulo, na baadaye unawasikia wakicheka na kupiga kelele wanapotoka kujimwagia theluji. Mimi niliwasha moto mdogo, wa kupasha dawa tu. Nyuzi sitini na nane za Farenhaiti, joto la chumbani tu. Mtu hawezi kuoga kwa nyuzi sitini na nane.

Tatizo lilikuwa hivi. Kivuli ambacho hakikupata mwanga hakimo kwenye filamu, na hakuna dawa itakayokileta. Ila uso si kivuli kabisa. Uso uko katikati, na kitu cha katikati kilichopata mwanga kidogo unaweza kukivuta kwa kukiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Ukikiacha mno, vile vyeupe vinaungua. Muda wa kawaida ni dakika nane. Je, nivute hadi ngapi? Kumi na moja? Kumi na nne? Sikuwa na filamu nyingine ya kujaribia iliyoharibika namna ile ile. Nilikuwa na picha sita, mfululizo, kwenye ukanda mmoja.

Kwa hiyo nilizima taa na nikaukata.

Kukata filamu gizani ni kupapasa. Kila picha ina urefu wa inchi mbili na robo, na Waino alipigilia misumari miwili kwenye ukingo wa rafu kwa umbali huo. Nilipima kwa misumari, mara tatu, nikijua kwamba nikikosea mkasi unapita usoni. Nikakata baada ya ile niliyodhani ni ya tatu. Kipande cha kwanza nikakitia koponi, dakika kumi na moja. Nikakaa kwenye benchi nikitikisa kopo kila nusu dakika. Kwa jirani walikuwa wameshaanza kucheka.

Nilipokitoa nikakiinua kwenye taa. Theluji ilikuwemo, kwa wingi. Makoti hayakuwemo kabisa, palikuwa wazi kama kioo cha dirisha, maana kwenye filamu weusi hugeuka kuwa uwazi. Uso wa Waino ulikuwepo, lakini hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia anayefikiria kuondoka. Macho hayakuwa na kope. Haukutosha. Rudi angesema ahsante, na asingekuwa amemwona.

Kipande cha pili nikakipa dakika kumi na nne.

Sikutikisa kwa kutazama saa pekee, nilihesabu kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikia. Dakika ya kumi nilitaka kumwaga dawa. Dakika ya kumi na mbili pia. Nikangoja.

Mkasi ulikuwa umekosea, ulikuwa umepita katikati ya picha ya nne. Kwenye ya tano mchungaji alitikisika. Ya sita ilikuwa nzima.

Jumapili niliiweka kwenye mashine ya kukuzia, nikachapa moja, nikaiacha ichomoze kwenye sinia. Kwanza yakaja makoti. Yalikuja mara moja na yote pamoja, kwa kuwa hayakuwa na mkunjo wala kifungo wala mpaka kati ya mtu na mtu. Watu kumi na wanane wamevaa koti moja. Juu yake nyuso zinaelea. Nyuma yao, pale palipokuwa na uwanja na misonobari na kilima cha mgodi, palikuwa peupe tu. Hakuna Harju. Hata ukingo wa ngazi ulikuwa umeliwa.

Kisha ukaja uso wa Waino. Wenyewe ulikuwa kamili. Ile mikunjo miwili ya kinywa, kovu la kidevuni la waya wa mwaka 1956, vinyweleo vya masikioni ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Nilisimama na koleo mkononi nikamtazama anavyozidi kuwa wazi, na nikaona nimetimiza nilichosema.

Ndipo nikaona kitu kingine. Kichwani pa jeneza, kati ya Marlys na Toimi, lile koti moja lilikuwa limekatika. Palikuwa na mwanya mweupe, kuanzia chini hadi juu, wenye upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyewaambia wauache. Siku ile kwenye kioo sikuuona, kwa sababu nilikuwa natazama uso tu.

Nikaikausha, nikaitia kwenye bahasha na makaratasi magumu pande zote mbili, na Jumatatu nikaiposti.

Simu ilikuja baada ya wiki mbili na nusu.

"Imefika," Rudi akasema.

"Na?"

"Amekonda."

"Alikuwa anaumwa, Rudi."

"Lile kovu la kidevu linaonekana."

"Naam."

"Hata nywele za masikio, mama." Akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati. Nikashikilia simu. Kwa kawaida mtu akilia kwenye simu namwambia anipigie akimaliza. Safari hii nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikangoja, nikitazama sahani ya mbegu nje ya dirisha, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu sikuwa nimeijaza.

"Wengine wote wamekuwa koti moja," akasema hatimaye.

"Filamu haikupata mwanga wa kutosha. Ni kosa langu, nilisahau kuzungusha kidude."

"Wewe? Kusahau?"

"Mimi."

"Hapo kati ya Marlys na baba mdogo Toimi kuna nini?"

"Theluji."

"Pana upana wa mtu."

"Ni theluji, Rudi. Theluji ilikuwa kila mahali."

"Nitakuja Mei," akasema. "Msimu ukiisha."

"Njoo. Sikukatazi."

Bibi Hulda alifariki wiki ya pili ya Machi, usingizini, akiwa amemaliza chakula chake chote. Mjukuu wake alinipigia kuniuliza kama ni kweli nimeahidi. Nikasema ni kweli.

Asubuhi ya mazishi nilisimama ndani ya mlango wa kanisa, pale pale, kamera iko kifuani chini ya koti. Watu walikuwa wanaimba ubeti wa mwisho. Nikatoa kipimo mfukoni. Kidude kilikuwa bado kwenye mia nne. Toka ile siku ya kahawa sikuwa nimekigusa. Nilikuwa na sababu zangu, na hakuna hata moja ambayo ningeikubali kwa mtu mwingine. Ni kidole cha Waino kilichokiacha hapo, kwa ajili ya ndege.

Jeneza likaanza kusogea kwenye ujia, likija kwangu.

Nikakizungusha.

"Mia na ishirini na tano," nikasema.

Kisha nikajibu mwenyewe, kwa sababu inatakiwa isemwe mara mbili, na nikavua glavu.